Nimeokoka mwaka wa nne, mbona mkeka bado unanitawala?

MwanaMwaloni

Wakuu, Bwana Yesu asifiwe. Kwa wasio wa huko, habari za jioni.

Nimefungua akaunti hii mpya kwa ajili ya jambo hili moja tu, maana ile ya zamani watu wa kanisani kwetu wanaijua. Ni refu kidogo, mnivumilie.

Mimi ni muuza dagaa, Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Niliokoka 2021. Kabla ya hapo nilikuwa mlevi wa kujulikana, mke wangu akinitafuta alikuwa anaulizia baa kwanza ndipo aulizie jina langu. Usiku ule niliopiga magoti pombe iliondoka na haijarudi. Sikupambana nayo hata wiki moja. Leo ukifungua chupa karibu yangu nasikia kichefuchefu. Kwa hiyo asije mtu hapa kuniambia wokovu ni maneno matupu, mimi nimeuona kwa macho yangu.

Kinachonitesa ni kubeti. Nilianza nikiwa bado mlevi, mikeka, yaani tiketi za kubeti mechi, ya mia tano mia tano. Nilipookoka nikaacha miezi minne, nikarudi. Nikatubu, nikaacha, nikarudi. Imekuwa hivyo hadi nimechoka kujihesabia.

Sasa sikilizeni penyewe. Mwaka jana mwezi wa kumi kwaya ilinichagua mhazini. Tulikuwa tunachangia sare, watu 24, kila mmoja 35,000. Hela zilikuwa zinaingia kwenye simu yangu vipandevipande, huyu 5,000, yule 10,000. Na kwenye simu hela haina sura, wakuu. Ya kwaya na ya dagaa zinalala kitanda kimoja. Siku ya kwanza nilichukua 20,000. Niliapa kwamba mkeka ukitiki nitawanunulia wanaume na tai juu. Haukutiki. Nikachukua nyingine kuikomboa ile. Hadi leo zimeondoka 415,000, na mwenye vitambaa anataka hela yake mwisho wa mwezi ujao.

Jumamosi mazoezi yanaanza saa kumi. Mechi za Uingereza zinaanza saa kumi na moja, miezi mingine saa kumi na mbili. Mimi naimba besi, mstari wa nyuma, simu naiweka katikati ya kitabu cha nyimbo. Jumamosi iliyopita tunaimba kwamba minyororo imekatika, simu ikatetemeka, nikachungulia. Dakika ya 88, timu ya mwisho kati ya saba imesawazishiwa. Mkeka umechanika. Na mdomo wangu haukukosea hata neno moja la wimbo. Hela iliniuma, lakini ule mdomo ndio ulionitisha.

Nimefunga siku tatu, mara mbili. Nimefuta programu ya kubeti mara nyingi kuliko nilivyooga wiki hii. Nimeombewa na mtumishi mmoja, akaniuzia mafuta ya 50,000 nipake kidole gumba. Nilipaka. Kidole kikateleza vizuri zaidi kwenye kioo.

Swali langu: Paulo anasema kwenye Warumi 6:14, “dhambi haitawatawala ninyi”. Mbona hii inanitawala? Je, sikuokoka? Kwa nini pombe ilitoka kwa siku moja na hii haitoki? Msinirushie mistari, mistari naijua. Namtafuta mtu ambaye yeye mwenyewe alitoka.

Nongwa_Kijiweni

Mkuu, ukweli mchungu: hukuokoka, ulihamia kanisani tu. Umetoka baa ukaenda kwaya. Aliyeokoka haibi hela ya sare.

MwanaMwaloni

Inawezekana, mkuu. Nimeshalifikiria hilo saa tisa za usiku zaidi yako. Lakini kama ni hivyo, ile pombe nani aliiondoa?

Ushindi_Ministri

Hiyo ni roho ya kamari ya ukoo, mpendwa. Inahitaji madhabahu kubwa zaidi. Njoo inboksi nikupe utaratibu wa sadaka ya mbegu.

Nongwa_Kijiweni

Haya, huyu naye. Mtu kaliwa na mkeka, wewe unamletea mkeka wa mbinguni. Mwaloni, usiende inboksi.

Mlutheri_Marangu

Ndugu yangu, umeruka kutoka sura ya 6 bila kufika ya 7. Mlango unaofuata tu Paulo huyohuyo analia: “lile jema nilipendalo, silitendi, bali lile baya nisilolipenda ndilo nilitendalo.” Watu wamebishana karne na karne kama pale anasema habari zake kabla ya kumjua Kristo au baada. Sisi Walutheri tunaona anasema habari za mwamini, yaani mtu anahesabiwa haki na bado ni mwenye dhambi kwa wakati uleule. Hata zile hoja 95 za mwaka 1517, ya kwanza kabisa inasema Bwana alitaka maisha yote ya mwamini yawe toba. Wenzetu wa mapokeo ya Wesley watakwambia hapana, mtu anaweza kufika mahali upendo ukamjaa moyo mzima na dhambi ya makusudi ikakoma.

Mimi siwezi kukuamulia ugomvi huo. Ninachojua, anayeulizia wokovu wake saa tisa za usiku hajafa. Maiti hajikagui.

MwanaMwaloni

Asante, hilo la maiti nimelichukua. Ila nikilielewa vibaya litanipa ruhusa. Kama nitakuwa mwenye dhambi maisha yote, basi na Jumamosi hii niweke tu?

Mlutheri_Marangu

Hapo sasa ndipo sura ya 6 inapokusubiri mlangoni na fimbo. Soma mstari wa kwanza na wa pili: tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi? Hasha!

Kolping

Mimi ni Mkatoliki, nisamehewe nikiingia kwenye nyumba ya watu. Kuna mwaka niliuza mabati ya mradi wa parokia, sita tu, nikaenda kuungama. Nilijua padri atanipa Salamu Maria kadhaa niondoke. Akaniuliza, “Mabati yako wapi?” Nikasema nilishauza. Akasema, “Basi unayo kazi ya kufanya.” Nilipewa ondoleo kwa ahadi ya kurudisha, na nilirudisha, mbili mbili. Wewe umesema umetubu, umefunga, umepakwa mafuta. Sijaona mahali uliposema umerudisha hata elfu moja.

MzeeKamachumu

Mwanangu wa Mwaloni, mimi ni mwalimu mstaafu, Kamachumu, wilaya ya Muleba. Mjukuu ndiye aliyeniwekea jukwaa hili kwenye simu, kwa hiyo nikikosea kubonyeza msinicheke.

Umeuliza kwa nini pombe ilitoka na mkeka umebaki. Nimesoma maandishi yako mara tatu na jibu umeliandika mwenyewe bila kuliona. Pombe yako aliijua mkeo, baa waliijua, soko zima liliijua. Ulipopiga magoti hukuwa na cha kuficha. Mkeka anaujua nani? Unaujua wewe na simu, na sisi ambao hatujui hata sura yako. Umetubu gizani, ukitoka huko unalikuta giza liko palepale na dhambi imekaa humo inakungoja.

Mimi nimezaliwa katikati ya watu wa Uamsho. Vijana wa siku hizi wakisikia uamsho wanafikiri ni vipaza sauti. Ule wa kwetu ulitoka Rwanda na Uganda. Mwaka 1929 daktari Mwingereza aliyekuwa hospitali ya Gahini, huko Rwanda, Joe Church, alikwenda Kampala amechoka roho kabisa, akakutana pale Namirembe na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi. Wakakaa na Biblia, wakaomba pamoja. Mzungu na Mwafrika, miaka hiyo, kila mmoja akimwambia mwenzake upungufu wake. Moto ukaanzia kwa watu kama hao. Ukashuka Gahini, ukavuka ukaja kwetu Buhaya, ukaenda Kenya. Waganda waliwaita Balokole, waliookoka. Kwetu waliitana ndugu tu, mwanamke na mwanamume, mwenye elimu na asiyenayo.

Ndugu hao walikuwa na maneno mawili ambayo siyasikii tena makanisani. La kwanza, kutembea nuruni, kutoka 1 Yohana 1:7. Ukiusoma mstari ule taratibu utaona ajabu: kabla haujafika kwenye damu ya Yesu kusafisha, unapita kwanza kwenye kushirikiana “sisi kwa sisi”. Neno la pili ni kutengeneza. Ukiokoka, unakwenda kutengeneza. Watu walirudisha majembe, walirudisha mbuzi, walilipa madeni ambayo mwenye kudai alishayasahau.

Nikwambie nilichokiona. Baba yangu alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi kimoja cha kahawa, sikitaji. Wakulima walileta kahawa ya maganda, yeye anapima, anaandika ratili. Alikuwa anapunguza. Ratili mbili hapa, tatu pale, na zaidi kwa wasiojua kusoma. Alipookoka aliimba na ndugu wiki tatu, na mama anasema wiki zile tatu hakulala. Akaja mzee mmoja wa ushirika wao, hakuhubiri, alimuuliza tu, “Daftari lako la mizani linasemaje?”

Baba akatoa daftari. Ilikuwa 1961, nina miaka minane, nikafuatana naye kwa sababu alitaka mtu wa kumshikia taa tukichelewa. Fedha alizifunga kwenye kitambaa, sumuni na zile senti kumi zenye tundu katikati. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja mjane, nyuma ya migomba mikubwa, akiwa anamenya ndizi. Baba hakukaa kwenye kigoda alichopewa. Alisema akiwa amesimama, “Mama, mimi nimekuibia kahawa misimu minne. Nimehesabu ni shilingi kumi na moja.” Nakumbuka kisu cha yule mama kilisimama katikati ya ganda la ndizi, na mimi nikatamani ardhi ipasuke. Baba yangu, karani, mwenye kalamu mfukoni!

Tulitembelea nyumba kumi na tisa kwa miezi miwili. Tuliuza baiskeli. Mmoja alimtukana, mmoja alimwachilia mbwa. Lakini usiku ule wa nyumba ya kwanza baba alilala. Nilimsikia akikoroma, mama akacheka gizani.

Sikwambii ulipe ili Mungu akusamehe. Hapo ndugu walikuwa wakali sana, msamaha haununuliwi, Zakayo alipewa ugeni wa Yesu kwanza ndipo akasema atarudisha mara nne. Nakwambia kwamba hiyo 415,000 ndiyo kamba uliyojifunga nayo. Kila ukikumbuka deni unataka mkeka wa kulikomboa, na kila mkeka unaongeza deni. Mtu yeyote akiomba kwa ajili yako bila kuigusa kamba hiyo, anaomba juu juu.

Nenda kwa mwenyekiti wa kwaya. Kabla ya hapo, mwambie mkeo.

Wairimu_Nyeri

Mzee shikamoo. Nimeskia uzuri wa hiyo hadithi na ni kweli, kwetu pia hao ndugu walikuwa, nyanya yangu alikuwa mmoja wao. Lakini acha niseme ile sehemu haisemwangi. Siku moja kwa ushirika wa Jumatano babu alisimama “akajiweka kwa nuru”, akataja uzinzi wake na jina la huyo mama, mbele ya watu wote, nyanya akiwa ameketi hapo na hajui lolote. Babu alienda nyumbani mwepesi kama unyoya. Nyanya alibeba ule mzigo miaka thelathini. Kila sokoni anapita wanawake wananyamaza.

Kwa hivyo ndugu wa Mwanza, nuru ndiyo, lakini anza na yule umekosea, na useme ya kwako peke yako. Usisimame Jumapili mbele ya kanisa yote ukilia ndio ujiskie vizuri. Na mke asiskie na wengine.

MzeeKamachumu

Marahaba, binti yangu. Umesema kweli na mimi nilipaswa kusema. Yalikuwepo hayo hata kwetu, watu walioungama kwa kujifurahisha. Ndiyo maana nimesema mkewe kwanza.

Nongwa_Kijiweni

Na mimi niongeze la duniani: piga huduma kwa wateja wa hiyo kampuni, waambie wafunge akaunti kabisa. Kufuta programu hakutoshi, akaunti inabaki inakungoja. Halafu hela za watu zisikae tena kwenye laini yako. Wokovu na iwe, ila kibaka humwachii funguo.

(Samahani kwa lile la mwanzo, mkuu. Lilikuwa la haraka.)

MwanaMwaloni

Wakuu, zimepita siku kumi na tisa. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa naogopa kurudi hapa kabla sijafanya.

Nilianza na mke wangu kama mzee alivyosema. Nilimwambia usiku, taa imezimwa, kwa sababu uso sikuuweza. Alikaa kimya muda mrefu nikadhani amelala. Kisha akasema, “Nilifikiri una mwanamke.” Akaanza kulia, sijui kwa nafuu au kwa hasira, na mpaka leo sijamuuliza. Asubuhi aliniamsha, akasema sabufa iuzwe. Imeuzwa 110,000 kwa jirani. Sasa nasikiliza nyimbo za kwaya yangu mwenyewe zikitoka ukutani kwa jirani.

Kwa mwenyekiti nilikwenda Jumatano. Ni mama wa makamo, anauza vitenge, nilimkuta anampimia mteja. Nikangoja. Mteja alipoondoka nikamweleza yote, mkeka, kitabu cha nyimbo, kila kitu. Hakuacha kukunja kitenge. Akauliza, “Ngapi?” Nikasema laki nne na kumi na tano. Mkono ndipo uliposimama. Akasema, “Mimi nilijua laki mbili.”

Alijua! Tangu mwezi wa pili alijua kuna kitu, maana mwenye vitambaa alimwambia hajaona hata malipo ya awali. Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema, “Nilikuwa nakuombea useme wewe.” Nilikasirika kidogo, niseme ukweli. Miezi yote ile naungua peke yangu kumbe kuna mtu amekaa kando na maji. Lakini nikikumbuka, nadhani angenibana ningekataa, na ningekataa vizuri sana. Mdomo wangu mnaujua.

Hakunificha na hakuniaibisha. Aliita kamati, watu watano, nikasema mbele yao. Nimevuliwa uhazini, hilo ni haki. Mmoja alitaka nitolewe kwaya, wengine wakakataa, ila nimesimamishwa kuimba madhabahuni miezi mitatu. Mazoezini nakwenda. Nimewapa ile 110,000, na nitatoa 40,000 kila mwezi hadi deni liishe. Mwenyekiti amezungumza na mwenye vitambaa. Watu kadhaa hawanisalimii. Kijana mmoja wa sauti ya tena ananiita “odi”, kila akiniona anauliza odi za mkeka wa leo. Inauma, namwachia.

Akaunti nimeifungisha, Nongwa asante. Waliniuliza mara mbili kama nina uhakika na wakanipa ofa ya kubeti bure nibaki.

Sasa mtaniuliza, umekuwa huru? Jumamosi mbili hizi simu nimemwachia mke. Saa kumi na moja ikifika mwili unajua, kidole gumba kinacheza chenyewe, natafuta mfukoni kitu ambacho hakipo. Kiu ipo. Ila kuna kitu hakipo, na nilichukua muda kukijua ni nini: ile hesabu. Kila siku nilikuwa naamka na hesabu kichwani, nikishinda hii nirudishe ile, huyu akiuliza nijibu hivi. Imenyamaza. Jumamosi iliyopita nilikosea wimbo mara mbili, kwa sababu nilikuwa nasikiliza maneno.

Mzee shikamoo. Nina swali moja tu. Yule mama mjane wa kwanza hukusema mwisho wake. Zile shilingi kumi na moja alizipokea, au alimsamehe baba?

MzeeKamachumu

Marahaba, mwanangu. Nimemwita mama watoto nikamsomea yote kwa sauti.

Alizipokea. Aliweka kisu chini, akanawa mikono, akazimwaga kwenye ungo akazihesabu. Akazihesabu mara ya pili. Halafu akamwambia baba zimepungua senti kumi.

Tulirudi kesho yake na senti kumi. Akatupikia.